Nguo imekaa kwenye simu, hasara imemkalia mnunuzi

Wiki za kuelekea Idi, ukipitia stetasi za WhatsApp za wauzaji nguo wa Mombasa, utakutana na picha za aina mpya. Dera ambalo zamani lingepigwa picha likiwa limetundikwa ukutani kwa henga, sasa limevaliwa na mwanamke wa umbo la kupendeza, amesimama kwenye baraza la jumba ambalo haliko Mombasa wala kwingineko, kwa sababu jumba halipo na mwanamke mwenyewe hayupo. Chini yake muuzaji ameandika: nitumie picha yako nikuonyeshe litakavyokukaa. Ukituma, punde si punde unajiona umelivaa. Uso wako, mabega yako, dera lake.

Wapo waliolipokea jambo hili kwa shangwe, kwamba duka limeingia mfukoni. Wapo wanaolicheka, kwamba ni mchezo wa watoto wa mtandaoni. Nadhani pande zote mbili zinabishana juu ya jambo dogo, kama simu inaweza kukisia nguo itakavyotukaa. Swali lenye pesa ndani yake ni jingine: nguo isipokaa, nani anakula hasara? Hoja yangu ni kwamba teknolojia hii ilitengenezwa kwa ajili ya masoko ambako hasara hiyo ni ya muuzaji. Inapohamia kwetu, ambako hasara ni ya mnunuzi, inageuka kuwa tangazo, tena tangazo ambalo mwanamitindo wake ni wewe mwenyewe.

Tutenganishe kwanza mambo mawili yanayochanganywa kila siku. La kwanza ndilo linalostahili hasa kuitwa uhalisia ulioongezwa. Kamera ya simu iko wazi, programu inatambua nukta za uso wako au umbo la mguu wako, kisha inabandika juu yake kitu cha pande tatu kinachokufuata ukigeuka. Apple ilipotoa ARKit mwaka 2017 na Google ikafuata na ARCore mwaka 2018, zote zana za kutengenezea programu za namna hii, kazi iliyokuwa ya maabara ikahamia kwenye simu nyingi za mkononi. L'Oréal iliinunua ModiFace ya Kanada mwaka 2018 ili watu wajaribie rangi ya mdomo bila kujipaka. Mwaka uliofuata Warby Parker ikawavisha wateja wake miwani kwa kamera, na Gucci ikawaruhusu watu waelekeze simu miguuni wajione wamevaa raba za Ace. Lakini kila kiatu na kila fremu ya miwani ilihitaji kuchongwa upya kidijitali, kazi ya wataalamu na ya gharama. Gucci itaimudu kwa raba inayouzwa dunia nzima. Muuza mtumba wa soko la Kongowea, ambaye kila shati alilo nalo ni moja tu na halina pacha, hawezi kuifikiria.

La pili ni kuchora. Programu inachukua picha yako moja na picha ya nguo moja, inatengeneza picha ya tatu ambayo umeivaa. Google ilianza hivi Juni 2023 kwa kutumia picha za wanamitindo wa saizi mbalimbali, na Mei 2025 ikatangaza kwamba watumiaji wa Marekani wanaweza kuweka picha zao wenyewe. Kampuni ya Snap, wenye Snapchat, iliyokuwa imeanzisha kitengo cha kuyauzia maduka huduma za uhalisia ulioongezwa, ilikifunga Septemba 2023, na miongoni mwa sababu ilizotoa ni kwamba akili bandia imerahisisha mno kazi hiyo, kila kampuni inaweza kujitengenezea yake. Ndiyo maana jambo hili sasa linaweza kufika Kongowea bila kupitia maduka makubwa ya Nyali. Ila kuna kitu kimepotea njiani. Ile ya kwanza angalau inapima, inajua macho yako yako wapi na pua yako imeanzia wapi. Hii ya pili haipimi chochote. Inachora, na inachora kwa mazoea ya picha ilizofunzwa, ambazo kwa sehemu kubwa ni picha za matangazo. Nguo hutoka imenyooka, haina kunjo la ubishi kwapani, haivutwi na tumbo.

Kwa nini makampuni ya Ulaya na Marekani yalimwaga pesa huku? Jibu halina uhusiano mkubwa na uzuri. Ni suala la nguo zinazorudishwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya inampa anayenunua mtandaoni siku 14 za kubadili nia bila kutoa sababu. Zalando, duka kubwa la mtandaoni la Ujerumani, limekuwa likisema wazi kwamba takriban nusu ya bidhaa zake hurudi. Mteja anaagiza gauni lilelile kwa saizi tatu, anajaribia nyumbani, anabakisha moja. Zinazorudi zinahitaji usafiri, kukaguliwa, kupigwa pasi na kufungwa upya, na nyingine haziuziki tena kwa bei yake. Ukiwa na hasara ya namna hiyo, utamlipa yeyote atakayekuahidi kwamba mteja ataagiza saizi moja tu, tena iliyo sahihi. Walmart, duka kubwa la Marekani, iliinunua Zeekit ya Israeli, kampuni ya kuvisha watu nguo kwa picha, mwaka 2021, na mwaka uliotangulia Zalando yenyewe ilikuwa imeinunua Fision ya Uswisi, kampuni ya kupima mwili kwa simu. Kule, picha ikimdanganya mnunuzi, nguo inarudi mlangoni kwa muuzaji. Kioo kina sababu ya kusema kweli.

Huku kwetu ukutani pameandikwa mali ikiuzwa hairudishwi. Muuzaji wa mtandaoni anataka utume pesa kwa M-Pesa kwanza, pamoja na ya boda, ndipo mzigo utoke. Ukiupokea nguo ikakubana kifuani, jibu la upole ni kwamba utafute ndugu umuuzie, na jibu la ukarimu ni kwamba utabadilishiwa ukilipa boda ya kwenda na ya kurudi. Sisemi wauzaji wetu ni wabaya. Wengi wana mtaji wa mizigo miwili mitatu, wamenunua Eastleigh au kwa mtu anayesafiri Dubai, naye huyo hapokei kitu kikirudi. Hasara inateremka kutoka mkono hadi mkono mpaka imfikie yule asiye na wa kumrushia, naye ni mnunuzi. Katika mpangilio huo, muuzaji anahitaji kioo kinachopendezesha, na hicho ndicho alichopewa, karibu bure.

Watetezi wana hoja moja nzito, na nashangaa hawaitumii mara nyingi. Sisi hatuna vyumba vya kujaribia nguo. Nenda Kongowea siku mzigo umefunguliwa, uwaone wanawake wanaogombea nguo za kamera, zile za daraja la kwanza. Sketi inajaribiwa juu ya sketi, blauzi inawekwa kifuani na kukadiriwa kwa jicho, na suruali inazungushwa shingoni kwa ile imani ya zamani kwamba ikikutana shingo na kiuno kitatosha. Aliyevaa buibui hawezi hata hilo. Kwenye maduka mengi ya mjini kinachoitwa chumba cha kujaribia ni pazia kwenye kona ya stoo, na huna hakika nani yuko upande wa pili. Anayekaa Likoni anakata feri na matatu mbili kwa ajili ya nguo ambayo huenda asiipende. Mwenye ulemavu wa miguu anamtuma mtu. Kwa watu hawa simu inayokuonyesha japo kwa kukisia ni afadhali kuliko kutoona kabisa, na anayewacheka hajawahi kusimama juani akijaribisha sketi juu ya dera. Nalikubali hilo lote. Lakini linathibitisha kwamba haja ipo, halithibitishi kwamba picha ya kuchorwa inaijibu.

Hoja wanayoipenda zaidi ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba hata M-Pesa ilidharauliwa ilipoanza mwaka 2007, na tazama leo. Kila kipya kinacholetwa Kenya kinasukumwa kwa gari hilihili. M-Pesa ilikuta watu wana tatizo lao wenyewe: kumtumia mama pesa kijijini kupitia kwa dereva wa basi na kuomba Mungu zifike. Iliondoa hasara iliyokuwa ikimwangukia mtu wa chini kabisa. Picha ya kujaribia imeondoa hasara ya duka la Berlin. Kwa mnunuzi wa Majengo haijaondoa kitu, imemwongezea hamu. Kama kuna wa kuifananisha na M-Pesa, asubiri siku itakayokuja na pesa za kurudishiwa.

Tuangalie sasa kile ambacho picha haikijui. Hivi karibuni nilikuwa kwa fundi mmoja karibu na Makadara, akaingia msichana na simu mkononi. Alikuwa amejivika gauni la harusi ya dadake kwa programu, na alitaka lishonwe vilevile. Fundi akavaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda.

"Mwanangu, zipu ya hili iko wapi?"

"Sijui, fundi. Lakini si unaona lilivyonikaa?"

"Naona. Mshono wa bega ndio siuoni. Na hapa kiunoni pameingia vipi na hapakubanwa?"

Kisha akaomba kitambaa. Kilikuwa pamba nzito, na gauni la kwenye simu lilikuwa likimiminika kama hariri. Hakumcheka. Alivuta futi yake shingoni, akamwambia asimame wima apimwe.

Nguo ile haikuwa na mshono kwa sababu haikuwa nguo. Programu iliweka giza na mwanga mahali ambapo macho hutegemea kuviona, ikaishia hapo. Uzito wa kitambaa, kama kinavutika, kama kinaonyesha mwili ukisimama dhidi ya jua, kama kitachuja rangi kikifuliwa, yote hayo katika mji huu wa joto na jasho huamuliwa kwa vidole. Tazama mama anavyonunua kitambaa Biashara Street: anakifikicha kwanza, anakinyanyua kwenye mwanga, na bei anaiuliza mwisho. Urefu nao simu haiujui. Abaya za Dubai huja na namba, 52, 54, 56, 58, na namba hizo ni urefu kwa inchi. Tofauti ya 54 na 56 ni tofauti ya kutembea na kujikwaa kwenye ngazi za matatu. Ukiiambia programu urefu wako kwa kukisia, itakujibu kwa kukisia, na kwenye picha ya 54 na ya 56 zitaishia palepale juu ya kifundo.

Kuna mavazi yetu ambayo programu hizi haziyaelewi kabisa. Zimezoea shati, suruali, gauni lenye mabega na kiuno. Leso haina bega wala kiuno. Umbo lake ni la anayejifunga, na ileile ya asubuhi jikoni si ya jioni kilioni, japo kitambaa ni kimoja. Na mnunuzi wa leso haulizi itamkaa vipi, anauliza imeandikwaje. Hapo ndipo akili bandia inapochekesha, kwani maandishi madogo huyavuruga mara kwa mara: jina la leso, yaani msemo wake, lililokusudiwa kumchoma jirani linatoka herufi zimepandana, halisomeki, na jirani anasalimika.

Kwenye vitu vya kutazamwa tu, nasema bila kusita, kamera ifanye kazi. Miwani, mitandio, hereni, sura ya viatu (ukubwa wake ni habari nyingine). Hata wapaka hina na piko wangeweza kumwonyesha bibi harusi michoro mkononi mwake kabla ya kuanza, akachagua kwa jicho lake badala ya picha ya mkono wa mtu mwingine. Sharti ni rangi isimamiwe vizuri. Mwaka 2022 Google ilianza kutumia kipimo cha rangi za ngozi chenye ngazi 10 kilichobuniwa na Ellis Monk wa Harvard, kwa sababu kile kilichozoeleka tangu miaka ya 1970 kina ngazi 6 tu na hakitendi haki kwa ngozi nyeusi. Ni hatua, ila simu ya bei nafuu iliyo chini ya taa nyeupe ya dukani bado inaweza kuigeuza damu ya mzee ikawa nyekundu ya nyanya. Mtandio uliochaguliwa usiku kwenye simu uangaliwe tena mchana nje.

Upande wa wanaoogopa, kilio kikubwa ni kwamba fundi atakufa njaa. Sioni hivyo. Mtumba uliwahi kutabiriwa kumzika, kisha nguo za Uchina, na bado charahani zinalia. Sehemu kubwa ya kazi ya fundi wa mtaani ni kurekebisha nguo zilizonunuliwa tayari: kupunguza kiuno, kufupisha urefu, kufumua mshono ulioachiwa nafasi. Watu wakinunua zaidi kwa picha isiyopima, nguo zisizokaa zitaongezeka, na zitapelekwa kwa nani? Atapata kazi. Ila tukubaliane kwamba kazi hiyo inalipwa na mnunuzi, juu ya bei ya nguo na ya boda. Ni hasara ileile imebadilisha jina.

Wasiwasi wangu mkubwa uko kwingine, kwenye picha yenyewe. Programu nyingi za aina hii hushauri utume picha ya mwili mzima, penye mwanga wa kutosha, umevaa nguo inayoshika mwili. Fikiria ombi hilo kwa mwanamke wa Kibokoni anayenunua buibui. Anaombwa aonyeshe kile ambacho nguo anayoinunua ni ya kukisitiri. Na kabla picha haijafika kwenye kompyuta za ng'ambo, inapita kwenye simu ya muuzaji, anayoishika pia msaidizi wake, na mdogo wake anayejibu wateja usiku. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda data binafsi, na picha ya mtu ni mojawapo. Inataka mtu aelezwe zinachukuliwa kwa kazi gani, na zisitumiwe kwa kazi nyingine. Kenya imekwisha kuonja jambo hili. Agosti 2023 serikali iliisimamisha Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, baada ya watu kupanga foleni kwenye jumba la KICC jijini Nairobi wakipigwa picha za mboni za macho kwa malipo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Kule kulikuwa na kampuni moja ya kushtakiwa. Picha zilizotawanyika kwenye simu za wauzaji mia moja utazifuta kwa amri ya nani?

Kwa hiyo tufanyeje? Kupiga marufuku ni kupoteza wakati. Ninalopendekeza ni kwamba anayemtumia mteja picha ya nguo ikiwa imemkaa ahesabiwe kuwa ametoa ahadi kwamba itamkaa. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya habari anazohitaji ili anufaike na anachonunua, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Picha hiyo ni maelezo. Muuzaji anayetaka kuitumia aitumie, lakini awe tayari kuipokea nguo ikirudi na kulipa boda yeye. Asiyetaka abaki na henga na ukuta, hakuna atakayemlaumu. Nadhani sharti hilo likishika, wengi watagundua ghafla kwamba kuna njia ya kale isiyohitaji intaneti: kuilaza nguo mezani, kuipima kwapa hadi kwapa, bega hadi pindo, na kuandika inchi zake chini ya picha. Wachache wanafanya hivyo tayari, nami hununua kwao hata wakiwa ghali kidogo.

Na vipimo vya mteja vipo, tena vizuri kuliko vya kamera yoyote. Kila fundi ana daftari lililochakaa jalada, lenye jina, kifua, kiuno, nyonga, mkono na urefu wa wateja wake wa miaka, vipimo vingine vikiwa vimefutwa na kuandikwa upya baada ya uzazi. Muuzaji wa mtandaoni aliyepima nguo zake, akishirikiana na fundi mwenye daftari hilo, angeweza kumwambia mteja kwa hakika kwamba hii itamtosha na ile itataka kuachiwa inchi moja ubavuni, na fundi akapata chake kwa kila nguo inayouzwa. Hatari ni kwamba wa kwanza kuliona hilo atakuwa kampuni ya mbali, itakayowapa mafundi programu ya bure ya kuandikia vipimo na kubaki navyo. Bora mafundi waanze wenyewe. Kanuni za data haziwalazimishi kusajiliwa wenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, lakini sheria yenyewe inawahusu: ruhusa ya mteja bado wataihitaji kabla ya kumpa muuzaji vipimo vyake, na wakati mzuri wa kuiomba ni pale futi ikiwa mkononi na mteja amesimama mbele yao.